Tusker, mnazi au ukwaju: utie nini mezani Krismasi hii Mombasa

Mombasa mwezi wa Desemba, bia ikishatoka kwenye friji ina dakika kumi za uhai. Kaskazi imeshaanza kuvuma, jua la nyuzi 32 halimshangazi mtu, na hewa ina unyevu wa kukulowesha shati ukiwa umekaa kivulini. Ndiyo maana orodha ya vinywaji iliyopangwa Limuru, kule bara kwenye baridi, haifai kuletwa hapa kama ilivyo. Katika kulinganisha nimetazama mambo manne: kinywaji kinahimilije joto, kinaendaje na pilau au samaki, kina nguvu kiasi gani, na ni nani hasa atakayekinywa. Bei nimeigusa pale tu inapobadili uamuzi, kwa kuwa Desemba kila duka lina bei yake.

Nguvu kwanza, maana chupa hazilingani

Tusker ya nusu lita ina asilimia 4.2, yaani mililita 21 za kileo chenyewe. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, mvinyo wa asilimia 13, inakaribia hapohapo: 19.5. Toti moja ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina 12 tu. Hadi hapo toti inaonekana mpole kuliko zote.

Lakini hakuna anayekuja nyumbani kwa watu na toti mkononi. Anakuja na mzinga. Mzinga wa mililita 750 una mililita 300 za kileo, sawa na Tusker kumi na nne zimefungwa kwenye chupa moja. Watu wanne wakiuzunguka baada ya chakula, kila mmoja amekunywa Tusker tatu na nusu kwa muda ambao angemaliza moja, na bado anasema leo hajanywa sana. Kwa hesabu hiyohiyo, chupa nzima ya mvinyo haifiki Tusker tano. Ini nalo halina haraka ya sikukuu: Tusker moja huchukua kama saa mbili kuisha mwilini, na supu, kahawa au maji baridi ya kichwani hayaharakishi chochote.

Kwa hiyo kama watu wako huanza saa sita mchana na kumaliza usiku, bia nyepesi ndiyo itakayowafikisha jioni wakiwa bado wanaelewana. Mzinga ni wa watu wachache, saa chache, na wenye pa kulala.

Tusker na White Cap

Hapa ndipo watu wazima hugombana, na sababu hata siioni. Nguvu ni karibu sawa, zote ni laga, zote zina chupa ya kahawia. Kwa ulimi wangu Tusker ina utamu kidogo wa nafaka unaobaki nyuma, White Cap ni kavu zaidi na humalizika haraka mdomoni. Ukila nayo biriani au mishkaki yenye pilipili, White Cap hukata mafuta vizuri zaidi. Ukinywa bila chakula, Tusker ina cha kuonja. Mtu akifungwa macho baada ya sahani ya pilau hatajua ni ipi.

Mgeni kutoka ng'ambo mpe Tusker bila kumuuliza. Ameisikia kabla hajapanda ndege, na hadithi yake ataipenda: Kenya Breweries ilianzishwa 1922, mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu mawindoni, na bia ikapewa jina la kumkumbuka, tusker ikiwa ni ndovu mwenye pembe kubwa. White Cap haina hadithi kama hiyo. Ina theluji ya Mlima Kenya kwenye lebo, ambayo ukiwa Kisauni haikusaidii kitu.

Jambo lenye uzito zaidi kuliko chapa ni lile swali la mhudumu wa baa: baridi ama moto? Mjomba aliyeshuka kutoka Nyeri atasema moto, kama alivyozoea. Mtanie kidogo, lakini mweleze ukweli. Bia ya moto Nyeri imekaa kwenye chumba cha nyuzi 18 au chini ya hapo. Ya moto Mombasa ni moto kweli, nyuzi 30, povu linaruka hadi mezani na uchungu wote unajitokeza mara moja. Mpe iliyotolewa kwenye friji nusu saa iliyopita. Atadhani ni ya moto na atairidhia.

Malt, Heineken, Guinness, sida

Tusker Malt na Heineken huwekwa fungu moja: asilimia kama 5, bei juu kidogo, chupa ndogo ya kushikwa na mtu anayepiga picha. Kwa ladha, Malt ina mwili zaidi. Heineken ni nyepesi na ina tatizo moja la hapa kwetu, chupa ya kijani. Mwanga wa jua huvunja kemikali za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) ndani ya bia na kuipa harufu mbaya, kama ya kitu kilichoungua, na kijani huzuia mwanga kidogo sana kulinganisha na kahawia. Kreti ya Tusker ikisahauliwa kibarazani tangu asubuhi itapona ikipozwa. Heineken iliyopigwa na jua la saa saba haitapona. Ukiipenda, nunua ya kopo.

Guinness watu huiogopa kwa Krismasi ya pwani, eti ni nzito. Ni nzito, ndiyo, na ina zaidi ya asilimia 6, kwa hiyo chupa ya nusu lita inapita Tusker moja na nusu. Lakini ndiyo bia pekee kwenye orodha hii isiyodai baridi kali. Ikipozwa kiasi tu, ladha ya nafaka iliyokaangwa hufunguka. Stima ikipotea mkesha wa Krismasi, na mara nyingine hupotea, wenye Guinness hawatalia sana. Mpe mtu na nyama choma ya mbuzi au kipande cha keki yenye zabibu kavu. Na samaki wa kupaka isikaribie, tui na ule uchungu havipatani.

Tusker Cider, sida ya tufaha yenye asilimia 4.5, ni ya wasiopenda uchungu wa bia. Ni tamu. Chupa ya kwanza kwenye joto ni raha, ya tatu inachosha. Wakiwa wengi wanaoipenda, barafu kwenye glasi na kipande cha ndimu huirekebisha.

Senator ya mapipa, iliyoanza 2004 serikali ikiilegezea ushuru ili watu waiache chang'aa, ni ya kwenda kuinywa inakouzwa. Si ya kubeba nyumbani.

Mnazi

Huu hauna mshindani wa kweli, kwa sababu bia ya Desemba ni ileile ya Juni, ilhali mnazi wa saa mbili asubuhi si mnazi wa saa kumi jioni.

Mgema hupanda, hukata ncha ya karara, utomvu ukadondoka polepole ndani ya kibuyu. Chachu ya hewani huingia yenyewe na kazi huanza hukohuko juu. Ukiupata umeshushwa sasa hivi ni mtamu, mweupe kama maji ya mchele, una povu laini na hata mtoto angeuomba. Kufikia mchana utamu umegeuka kuwa kileo na unachoma kidogo pembeni mwa ulimi. Jioni umefika kwenye nguvu ya bia, wakati mwingine zaidi. Ukilala, kesho yake ni mkali na mchachu, wenye mazoea yao huutafuta hivyo. Siku chache tena ni siki, na siki ya mnazi ni nzuri kwa kachumbari kwa hiyo hakuna kinachotupwa.

Ukilinganisha na Tusker: mnazi ni nafuu zaidi, una ladha ambayo hakuna kiwanda kitakupa, na mgeni atakaposimulia Krismasi yake ataanzia hapo. Upande wa pili, hauna lebo ya kukwambia nguvu, kwa hiyo asiyeuzoea huhesabu glasi kama za bia na kukosea. Tumbo lisiloujua nalo linaweza kulalamika. Na hauwekeki. Bia ukiibakisha utainywa mwaka mpya, mnazi ni wa leo.

Chakula chake ni kikavu: samaki wa kuchoma, kuku wa makaa, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Pilau inaufunika kabisa.

Kuhusu kuununua, ule msemo wa mgema kusifiwa akalitia tembo maji ulitungwa na mtu aliyenunua mnazi mwezi wa Desemba. Mahitaji yanapanda, minazi ni ileile. Ulioongezwa maji na sukari ni mwepesi kuliko unavyotarajia na utamu wake hukaa juu juu, hauna ule ukali wa nyuma. Kama una jamaa Kaloleni, Rabai au upande wa Kilifi, mwambie akuwekee kwa mgema anayemjua, siku mbili tatu kabla. Ukikosa, nenda mwenyewe mapema mangweni, pale mnazi unapouzwa, uonje kwa mrija wenye kichungi kabla hujajaza dumu. Dumu nalo usilijaze hadi juu wala usilikaze kifuniko. Mnazi unaendelea kuchacha njiani, gesi inajaa, na ndani ya matatu iliyofungwa madirisha dumu likivimba na kupasuka, abiria wote watafika Mombasa wakinuka mangwe. Ukifika, uingize kwenye baridi, haitauzuia kuchacha ila itaupunguza kasi.

Mvinyo na mzinga

Nitapita haraka. Mvinyo mwekundu mzito ni wa mahali penye baridi. Hapa chukua mweupe mkavu, uupoze, uunywe na kamba, pweza au kuku wa kupaka. Kuna chupa nyingi za Afrika Kusini kwenye supamaketi na za bei ya kati zinatosha kabisa. Ile mitamu inayopendwa sana kwenye sherehe, baadhi haifiki hata asilimia 10. Isome lebo, na uiweke kwa keki, si kwa chakula.

Kwa pombe kali, Kenya Cane na soda ya tangawizi yenye barafu nyingi na ndimu ni kinywaji cha pwani hasa, na Konyagi kutoka Tanzania, asilimia 35, hufaa vivyo hivyo. Wiski ya gharama kwenye joto hili huisha ladha kwenye barafu, bora uingoje Julai. Popote unaponunua, tazama stempu ya ushuru kwenye kizibo na kama kizibo kimewahi kufunguliwa. Mzinga wa bei ya kushangaza, uliouzwa kwenye mfuko mweusi, unaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Februari 2024 huko Kirinyaga zaidi ya watu kumi walikufa kwa pombe moja. Hapa sina utani.

Meza ya pili, ambayo mimi huipa pesa nyingi zaidi

Hesabu watu wako vizuri. Jirani Waislamu watakaokuja kukupa mkono wa sikukuu. Mama mkwe aliyeokoka. Wajawazito, madereva, watoto, na yule ndugu anayetumia dawa. Katika nyumba nyingi za Mombasa hao ni nusu ya wageni au zaidi, lakini bajeti yote huenda kwenye kreti za bia na wao huambulia soda ya lita mbili iliyoisha gesi. Mgeni wa namna hiyo halalamiki hadharani, huenda tu mapema.

Ukwaju ndio ningeuweka wa kwanza. Kilo moja ya soko la Marikiti unailoweka kwa maji ya moto, unaivuruga kwa mkono hadi kokwa ziachane na nyama, unachuja, unatia sukari na ukipenda tangawizi kidogo. Inatoa mtungi mzima kwa bei isiyofika chupa chache za bia. Ule uchachu hufanya kazi ileile ya White Cap kwenye mafuta ya pilau, na huifanya vizuri zaidi. Ukitengenezwa jioni ya tarehe 24 na kulala kwenye friji, kesho yake ni mtamu kuliko ulipotoka jikoni.

Embe liko kwenye msimu, na soko la Kongowea Desemba ni vilima vya maembe. Embe ngowe likiwa limeiva halina nyuzi nyingi, sharubati yake haihitaji kuchujwa mara mbili. Ila ni nzito, ni chakula nusu. Iweke asubuhi pamoja na mahamri na mbaazi, wala usimpe mtu anayekaribia kula biriani. Bungo likipatikana linashinda embe kwa harufu na kwa ukali wake, kazi yake tu ni kusugua zile kokwa kwenye chujio hadi mkono uchoke. Pasheni ni rahisi, ya kila mtu, haikosei.

Madafu hayana mpinzani baada ya kuoga baharini, pale Pirates au Bamburi. Unakatiwa, unakunywa, unakomba nyama yake laini kwa kijiko cha ganda. Kwa meza ya nyumbani ni mzigo: mazito, yanachukua nafasi yote ya friji, na maji yake yakishatolewa kwenye ganda hupoteza ladha baada ya muda mfupi. Maji ya miwa vilevile. Yakikamuliwa na ndimu na tangawizi ni raha ya dakika kumi, halafu hubadilika rangi kuwa ya matope. Yanywe barabarani, usiyabebe.

Soda: Stoney Tangawizi na Krest, za chupa ya kioo. Zinachanganyika na pombe kwa wanaotaka na zinajitosheleza kwa wasiotaka. Zile za rangi ni za watoto.

Neno kuhusu bia zisizo na kileo na vinywaji vya nafaka kama Alvaro. Kwa dereva anayetaka kushika chupa kama wenzake zinafaa sana. Lakini usimwekee jirani yako Mwislamu Heineken 0.0 ukidhani umemheshimu. Wengi hawaitaki hata kwa jina lake tu, na utakuwa umemlazimisha kukataa mbele ya watu. Sharubati haimpi mtu shida hiyo. Iwe na meza yake, glasi zake na barafu yake, si ile iliyozamishwa chupa za bia.

Usiku, vikishaisha vyote, kahawa chungu ya tangawizi na iliki kwa kashata au tende huwakusanya wa meza zote mbili.

Baridi inavyopatikana

Friji ya nyumbani ikijazwa chupa za moto asubuhi ya Krismasi haitafua dafu hadi jioni, na itaharibu nyama iliyomo. Zipoze tangu usiku, kidogo kidogo. Za ghafla ni kwenye besheni: barafu, maji ya kufunika chupa hadi shingoni, na konzi mbili za chumvi. Maji hugusa chupa pande zote, jambo ambalo barafu peke yake haiwezi, na chumvi hufanya barafu iyeyuke ikiwa chini ya sifuri. Kwa kama dakika ishirini bia iko tayari. Anza kugandisha barafu siku tatu nne mapema kwenye mifuko, maana tarehe 25 muuza barafu atakuuzia kwa bei ya samaki.

Ningenunua nini

Kwa watu ishirini, nusu wanywaji, kuanzia mchana hadi saa tatu usiku: bia nne kwa kila mnywaji, theluthi mbili zikiwa Tusker na White Cap, zilizobaki Malt na Guinness chache. Sida chupa sita au saba. Mvinyo mweupe chupa mbili. Mnazi lita tano, kama mgema unamjua, kama humjui acha. Mzinga sinunui, atauleta mtu. Upande wa pili, ukwaju lita kumi, embe lita tano, kreti moja ya Stoney na Krest zilizochanganywa, na maji safi mengi kuliko unavyodhani yanahitajika.

Mkienda ufuoni badala ya kukaa nyumbani, badilisha chupa zote ziwe makopo, kioo kikivunjika mchangani hakionekani, na wanaotaka kuogelea waogelee kabla hawajafungua la kwanza. Wanaovuka Likoni au kurudi Mtwapa wapange usafiri mchana, madereva wazuri wa teksi hushikwa mapema.

Kreti chukua kwa muuzaji wa jumla wa mtaani, wiki moja kabla, na utoe amana ya chupa uandikiwe risiti. Muulize pia kabla hujalipa kama ile isiyofunguliwa ataipokea tarehe 27 na kukurudishia pesa. Wengi hukubali ukiuliza mapema, wachache sana hukubali ukiuliza baadaye.